Kabla Hujafunga Begi la Daluga: Mwongozo wa Kucheza Madaraja ya Chini Nje ya Nchi

Mwongozo huu si wa mchezaji anayefuatwa na Real Madrid. Huyo ana wanasheria. Ni wako wewe beki wa kulia wa miaka 23, unayecheza Championship ya Tanzania au Super League ya Kenya, uliyepigiwa simu na mtu akakwambia kuna timu ya daraja la pili Uswidi, Oman au Serbia inatafuta mchezaji wa aina yako, na kwamba jibu linatakiwa kesho.

Usijibu kesho. Soma kwanza.

Unaingia kazi ya namna gani

Soka la madaraja ya chini ughaibuni ni kazi ya mikataba mifupi. Utasaini miezi minane hapa, mwaka mmoja pale, halafu kocha aliyekuleta atafukuzwa na anayekuja atakuwa na beki wake mfukoni. Mwaka 2016 FIFPRO, chama cha wachezaji wa kulipwa duniani, kiliwahoji karibu wachezaji 14,000 katika nchi 54. Zaidi ya asilimia 45 walikuwa wakilipwa chini ya dola 1,000 kwa mwezi, na asilimia 41 walisema mshahara uliwahi kuchelewa ndani ya misimu miwili iliyotangulia.

Sisemi haya ili ubaki nyumbani. Mkenya Michael Olunga aliposhuka daraja na Kashiwa Reysol ya Japani mwishoni mwa 2018, hakukimbia. Alicheza ligi ya pili, na Novemba 24, 2019, siku ya mwisho ya msimu, akafunga mabao manane peke yake dhidi ya Kyoto Sanga katika mechi iliyoisha 13–1. Msimu uliofuata alikuwa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi kuu ya nchi hiyo, mabao 28. Mtanzania Novatus Dismas alipita daraja la pili la Israel akiwa na Beitar Tel Aviv Bat Yam, akaenda Zulte Waregem ya Ubelgiji, na mwaka 2023 alikuwa akicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya na Shakhtar Donetsk. Daraja la chini liliwapa hao dakika za kucheza, na dakika ndizo zilizowauza.

Kwa hiyo kila ofa ipime kwa maswali mawili: nitacheza? Na siku ya kuondoka, nitaondoka na karatasi zangu zikiwa safi? Mshahara ni swali la tatu. Jina la bara lisiwe swali kabisa.

Mlango upi uko wazi kwako

Wengi huanza na timu. Anza na uhamiaji, kwa sababu timu inaweza kukupenda na serikali yake ikakukataa.

Uholanzi inataka mchezaji kutoka nje ya Ulaya mwenye miaka 20 au zaidi alipwe angalau asilimia 150 ya wastani wa mshahara wa ligi yao kuu, hata kama timu inayomchukua iko daraja la pili. Hayo ni mamia ya maelfu ya euro kwa mwaka. Mtu akikwambia ana timu ya daraja la pili Uholanzi itakayokulipa euro 1,500 kwa mwezi, ama hajui, ama anajua sana. Ujerumani nayo ina kiwango cha chini cha mshahara kwa mwanamichezo wa kigeni, ambacho miaka ya karibuni kimezidi euro 3,500 kwa mwezi. Timu za daraja la nne na la tano zinazoweza kumlipa mgeni kiasi hicho ni chache. Uingereza hutumia mfumo wa pointi unaoangalia mechi za timu ya taifa na ubora wa ligi unayotoka. Utasikia habari za Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar aliyezunguka Mansfield Town, Grimsby, Solihull Moors, Wrexham na nyingine nyingi za madaraja ya chini kule. Kumbuka kwamba yeye alikulia Leicester. Njia yake haikupitia ubalozini Dar es Salaam.

Wachezaji wa kwetu waliokulia nyumbani wamepita zaidi Skandinavia, Ubelgiji, nchi za Balkani, Uturuki, Misri, Moroko, Ghuba na Iraki. Thomas Ulimwengu alipita Eskilstuna, Uswidi. Mganda Farouk Miya amecheza Ubelgiji, Azerbaijan, Kroatia na Uturuki. Simon Msuva amecheza Moroko, Saudia, Algeria na Iraki. Ukitazama orodha hizo utaona kwamba hakuna aliyeruka. Kila mmoja alihama hatua kwa hatua.

Kama hujafikisha miaka 18, funga mjadala. Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mtoto, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhamia nchi nyingine kwa mambo yao yasiyohusu mpira. Anayesema atakupitisha akiwa "mlezi" wako anakuingiza kwenye kosa ambalo litakufuata wewe.

Muulize mtu wa klabu, si wakala peke yake:

1. Timu ina nafasi ngapi za wageni, na zimebaki ngapi?
2. Nitaombewa kibali gani, na nani analipia?
3. Nitasajiliwa kama mchezaji wa kulipwa au wa ridhaa?

Swali la tatu ndilo wanaloliruka wengi. Kwa FIFA, mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na anayelipwa zaidi ya gharama zake za kucheza. Wengine wote ni wa ridhaa. Katika madaraja ya tatu na ya nne kuna timu zinazokupa chumba, kazi ya asubuhi ghalani na "posho" ya mazoezi, bila mkataba wowote wa mpira. Maisha hayo yanaweza kukufaa kwa msimu mmoja, lakini ujue kwamba posho ikikatika huna karatasi ya kukutetea.

Faili lako

Klabu inapomsajili mchezaji kutoka nchi nyingine huingiza nyaraka zake kwenye mfumo wa uhamisho wa FIFA, TMS, na shirikisho la nyumbani hutoa hati ya uhamisho wa kimataifa, ITC. Dirisha likikaribia kufungwa, mchezaji mwenye faili kamili anapita na mwenye kipaji bila faili anabaki. Kusanya haya kabla hujapata ofa:

☐ Pasipoti ambayo haitaisha katikati ya msimu.

☐ Cheti cha kuzaliwa ambacho jina na tarehe vinalingana na pasipoti na leseni zako zote za nyuma.

☐ Barua ya klabu yako ya mwisho inayoonyesha tarehe mkataba ulipoisha au ulipovunjwa. TMS hudai uthibitisho huu. Uchukue siku ileile unayoachwa, katibu akiwa bado anakusalimia.

☐ Historia ya usajili wako kutoka TFF, FKF, FUFA au shirikisho lako, tangu ulipokuwa na miaka 12.

☐ Video mbili: moja ya matukio yako, dakika nne au tano, na nyingine ya mechi nzima au mbili bila kukatwa. Kocha makini ataomba mechi nzima, kwa sababu anataka kukuona timu yako ikiwa haina mpira.

☐ Vipimo vya majeraha ya zamani, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Hapo kwenye cheti cha kuzaliwa tuzungumze kama watu wazima. Kwetu kuna umri wa nyumbani na umri wa mpira. Kama ulipunguziwa miaka ili uingie timu ya vijana, tarehe ile imekaa kwenye kumbukumbu za shirikisho, na siku pasipoti yako itakaposema jambo lingine, uhamisho utakwama au utafungiwa. Malizana na jambo hilo na shirikisho kwa maandishi ukiwa nyumbani. Ukiwa Belgrade hakuna atakayekusaidia.

Historia ya usajili ina kazi nyingine. Hadi mwisho wa mwaka unaotimiza miaka 23, klabu mpya inaweza kudaiwa fidia ya mafunzo na klabu zilizokulea. Klabu za kundi la chini kabisa, la nne, hazidaiwi, ila zile za kundi la tatu hudaiwa, na timu ndogo ikiona ankara hiyo hujitoa kimyakimya. Uliza mapema klabu yako mpya iko kundi gani. Kama klabu zako za zamani ziko tayari kusamehe fidia hiyo, zisaini barua kabla hujapanda ndege.

Wakala

Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA aliyoipata kwa mtihani, na jina lake linaonekana kwenye orodha ya mawakala iliyo wazi katika tovuti ya FIFA. Kutafuta ni bure na huchukua dakika mbili. Akisema leseni "iko njiani", na wewe mwambie saini yako iko njiani.

Mkataba wa uwakilishi usizidi miaka miwili, na usijiongeze wenyewe. Kamisheni yake itoke kwenye mshahara uliokwishaingia, si kwenye mfuko wa mama yako kabla hujaondoka. Usimpe pasipoti halisi akae nayo. Usimpe ruhusa ya kupokea mshahara kwa niaba yako, hata kama ni mjomba, na hasa kama ni mjomba, maana huyo huwezi kumshtaki na mkaendelea kukaa pamoja msibani.

Majaribio

1. Dai barua ya mwaliko yenye nembo ya klabu, jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuanza na kumaliza, na maelezo ya nani analipia tiketi, malazi na chakula.
2. Thibitisha barua hiyo mwenyewe. Usipige namba iliyoandikwa juu yake. Ingia tovuti ya ligi au shirikisho la nchi hiyo, chukua mawasiliano ya klabu hapo, uliza kama wanakufahamu.
3. Hakikisha aina ya viza inaruhusu majaribio. Viza ya kitalii isikugeuze kuwa mhamiaji haramu wiki ya tatu.
4. Kata tiketi ya kwenda na kurudi. Tiketi ya kwenda tu ni dalili kwamba aliyekuita hana mpango wa kukurudisha.
5. Kata bima ya safari inayotaja michezo kwa jina. Nyingi haziligusi goti lililoumia uwanjani.
6. Acha nakala za kila kitu kwa mtu mmoja nyumbani anayeweza kupiga simu na kuandika barua pepe bila kuogopa.

Uwanjani, makosa yanafanana. Mchezaji anakwenda na jeraha akitumaini halitaonekana. Anavaa daluga mpya siku ya kwanza. Anapiga chenga nyingi ili aonekane. Kocha wa daraja la tatu ana chenga za kutosha. Anatafuta mtu atakayerudi nafasi yake na kuzungumza na wenzake. Jifunze kwa lugha ya hapo maneno kumi ya uwanjani kabla ya mazoezi ya kwanza: mtu nyuma, geuka, una muda, toka, baki, wangu, wako, kushoto, kulia, rudi. Mgeni anayepaza sauti kwa lugha yao siku ya pili hukumbukwa.

> TAHADHARI
>
> Klabu halisi haitozi ada ya majaribio. Haitumi mwaliko kwa barua pepe ya bure isiyo na jina la klabu. Haikutaki utume fedha kwa simu "za kufungulia faili". Haichukui pasipoti yako mlangoni.
>
> Mwaka 2015 BBC iliripoti kuhusu vijana wa Afrika Magharibi waliopelekwa Laos kwa ahadi ya akademia ya soka katika klabu ya Champasak United. Walisainishwa mikataba ya miaka sita iliyoahidi mshahara na malazi. Walikuta wanalala sakafuni uwanjani, bila malipo. Mikataba walikuwa nayo.

Mkataba, ukurasa kwa ukurasa

Hapa usiwe na haraka, hata kama mpiga picha wa klabu amesimama na skafu.

*Lugha.* Ukiletewa mkataba wa Kiserbia au Kiarabu, omba nakala ya lugha unayoisoma na uliza ni nakala ipi itakayotawala zikipingana. Saini kila ukurasa. Usisaini karatasi tupu, wala ukurasa wa mwisho peke yake kwa maelezo kwamba "nyingine zinachapwa".

*Mikataba miwili.* Huu ndio mtego mkubwa wa madaraja ya chini. Mkataba mmoja unapelekwa shirikisho ukiwa na mshahara mdogo, euro 400 tuseme, na wa pili wa "haki za picha" una euro 900 zilizobaki. Klabu inaokoa kodi. Siku ya mgogoro watakwambia mkataba wa pili si wa kazi ya mpira, nenda mahakama ya biashara. Omba fedha zote ziwe kwenye mkataba mmoja uliosajiliwa. Wakikataa kabisa, mkataba wa pili utaje ule wa kwanza, usainiwe na mtu yuleyule wa klabu, na nakala yake ukae nayo wewe.

*Kiasi.* Andika kama ni kabla au baada ya kodi, kwa sarafu gani, na kulipwa tarehe ngapi. "Mwisho wa mwezi" si tarehe. Tarehe kamili ndiyo itakayokulinda baadaye, utaona sababu mbele.

*Muda.* Kwa kanuni za FIFA mkataba hauwi mfupi kuliko kutoka siku unayoanza hadi mwisho wa msimu, na haupiti miaka mitano. Tazama kipengele kinachoipa klabu peke yake uwezo wa kukuongezea mwaka. Kama kipo, kiwe na ongezeko la mshahara lililotajwa kwa tarakimu, na tarehe ya mwisho ya kukujulisha.

*Vipimo na kibali.* Uhalali wa mkataba hauruhusiwi kutegemea kufaulu vipimo vya afya au kupata kibali cha kazi. Kanuni hiyo ni ya FIFA, na ina maana klabu imalize kukupima na kukuulizia kibali kabla ya kusaini. Ukisaini leo na kesho daktari wao akasema goti halimfurahishi, mkataba bado unasimama.

*Nyumba na safari.* "Klabu itampatia malazi" ni maneno yanayotosha kukulaza wanne chumba kimoja. Andika: chumba chake mwenyewe, umeme na joto vikilipwa na klabu, tiketi moja ya kwenda na kurudi nyumbani kila msimu.

*Matibabu.* Nani analipa upasuaji, na mshahara unaendelea kwa muda gani ukiwa na magongo? Kano ya goti ikikatika utakaa nje miezi mingi, na mkataba wako labda ni wa miezi minane. Bima iendelee hadi utakapopona, si hadi mkataba utakapoisha.

*Kushuka daraja.* Timu za chini hushuka. Uliza mshahara unapungua kiasi gani, na kama unaruhusiwa kuondoka bure.

*Mgogoro utaamuliwa wapi.* Mchezaji wa nchi moja na klabu ya nchi nyingine wanaweza kwenda kwenye Chemba ya Usuluhishi wa Migogoro ya FIFA. Kipengele kinachosema migogoro yote itakwenda mahakama ya mji wa klabu kinaweza kukuzuia kufika huko. Omba kiondolewe, na FIFA itajwe kwa jina.

Unaweza kumwomba mtu wa nje asome kabla ya kusaini. Chama cha wachezaji cha nchi unayokwenda, kama ni mwanachama wa FIFPRO, huwa na mwanasheria, na wengi hawajui kwamba wanaweza kumwandikia kabla hata hawajafika. Kenya kuna KEFWA, Tanzania kuna SPUTANZA.

Ukishafika

Fungua akaunti ya benki kwa jina lako wiki ya kwanza na kataa mshahara wa bahasha. Ukilipwa taslimu mara moja kwa dharura, andika kiasi na tarehe kwenye ujumbe kwa meneja ili akujibu.

Uswidi na Norwei msimu huanza majira ya kuchipua na kumalizika vuli, kwa hiyo maandalizi yako yatakuwa kwenye baridi kali na nyasi bandia. Nunua daluga za nyasi bandia. Zile za meno marefu zitakuharibia magoti. Ghuba tatizo ni kinyume: mazoezi ni usiku, na mchana unalala au unaharibika.

Kuhusu nyumbani: amua kiasi cha kutuma kila mwezi kabla mshahara wa kwanza haujaingia, mtangazie mtu mmoja wa familia, naye ndiye awaambie wengine. Mji mzima utajua unacheza Ulaya. Hakuna atakayejua kwamba ni daraja la tatu, na hakuna haja ya kugombana kuwaeleza.

Mshahara ukikwama

Mwezi wa kwanza watakwambia mdhamini amechelewa. Inawezekana ni kweli. Wewe fanya kazi yako na uandike tarehe.

Kanuni ya 14bis ya kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji inasema hivi: klabu isipokulipa mishahara angalau miwili kwa tarehe zake, ukaiandikia kuitaka ilipe na kuipa siku zisizopungua 15, na bado isilipe, una sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Ndiyo maana nilisema tarehe ya malipo iandikwe. Fuata hatua kwa mpangilio:

1. Endelea kufika mazoezini. Ukikosa siku moja, watasema wewe ndiye uliyevunja mkataba. Wakikufungia geti, jipige picha hapo getini na tuma ujumbe siku hiyohiyo kwamba uko tayari kufanya kazi.
2. Chukua taarifa ya benki inayoonyesha kilichoingia na kisichoingia.
3. Tuma barua ya madai kwa barua pepe rasmi ya klabu, nakala kwa shirikisho na chama cha wachezaji. Iandikwe kwa lugha ya mkataba.
4. Hesabu siku 15 kamili tangu waipokee. Usivunje mkataba siku ya 14.
5. Siku zikipita bila malipo, tuma barua ya pili ya kuvunja mkataba, ukitaja ile ya kwanza.
6. Fungua shauri FIFA. Kwa mchezaji hakuna ada. Unatumia Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Ukikaa zaidi ya miaka miwili tangu tukio, shauri lako halisikilizwi.

Barua ya hatua ya tatu haihitaji ufasaha:

> *Kwa uongozi wa klabu ya ........*
>
> *Mimi ........, mchezaji wenu kwa mkataba wa tarehe ........, sijalipwa mshahara wa mwezi ........ (kiasi ........) uliopaswa kulipwa tarehe ........, na wa mwezi ........ (kiasi ........) uliopaswa kulipwa tarehe ......... Jumla ni .........*
>
> *Nawaomba mlipe kiasi chote ndani ya siku 15 tangu kupokea barua hii, kwenye akaunti namba ......... Msipolipa, nitakuwa na haki ya kuvunja mkataba kwa mujibu wa Kanuni ya 14bis ya FIFA na kudai fidia.*
>
> *Saini, tarehe.*

Kosa linalowamaliza wengi hutokea hapo katikati. Meneja anakuita ofisini, anasema: "Tunakupa barua ya kuachwa huru leo, uende timu nyingine, wewe saini tu hapa." Karatasi yenyewe inasema umelipwa haki zako zote na huna madai. Ukisaini, umeuza miezi yako mitatu kwa barua ambayo ungeipata bila kuisaini. Dirisha linafungwa, unaogopa, unasaini. Wanajua.

Ukishinda, klabu ina siku 45 za kulipa, na isipolipa inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. Adhabu hiyo ina meno, maana timu isiyoweza kusajili hushuka. Msuva alipogombana na Wydad ya Moroko juu ya malipo, shauri lilifika FIFA na alishinda. Kwa klabu iliyofilisika kabisa mambo ni magumu zaidi. FIFA na FIFPRO walianzisha mfuko mwaka 2020 kusaidia wachezaji walioachwa hivyo, lakini ulikuwa ukilipa sehemu tu ya deni.

Mtu mkarimu na dawa ya maumivu

Mechi za madaraja ya chini huchezewa kamari pia, na wapanga matokeo huzipenda kwa sababu wachezaji wake wana njaa. Atakuja mtu mkarimu, atakununulia chakula mara mbili, halafu ataomba kona tatu tu kipindi cha kwanza. Adhabu ya FIFA ya kupanga matokeo haipungui miaka mitano nje ya mpira. Kukaa kimya ukijua nako ni kosa. Toa taarifa kwa chama cha wachezaji au shirikisho.

Tramadol imepigwa marufuku siku za mashindano tangu Januari 1, 2024, kwa hiyo kidonge ulichozoea kumeza kabla ya mechi kinaweza kukufungia. Mirungi pia ina kemikali inayohesabiwa kuwa kichocheo. Kila dawa, hata ya kikohozi, ipitie kwa daktari wa timu kwanza.

Kuhama tena

Mkataba wako ukibakiza miezi sita au pungufu, uko huru kusaini na klabu nyingine itakayoanza baada yake. Anza kutafuta hapo. Usisubiri Juni.

Ndani ya msimu mmoja unaweza kusajiliwa na klabu zisizozidi tatu, lakini kucheza mechi rasmi kwa mbili tu, isipokuwa pale misimu ya nchi mbili inapopishana kalenda. Mchezaji aliyecheza Agosti nyumbani, akahamia kwingine Januari na kucheza, akaondoka tena Machi, anaweza kujikuta amesajiliwa na haruhusiwi kugusa mpira. Ukiwa huru, na mkataba wako uliisha kabla dirisha halijafungwa, baadhi ya mashirikisho hukubali kukusajili hata baada ya dirisha kufungwa. Uliza, kwa sababu mwezi wa Septemba timu zenye majeruhi hutafuta watu kama wewe.

Kila unapoondoka, chukua barua ya mwisho wa mkataba, taarifa za benki na video zako. Weka nakala mahali pawili, na usitupe chochote kabla ya miaka miwili kupita.

Likizo ukirudi nyumbani, utaitwa kwenye ndondo. Mtaa wako una timu, kombe lina mbuzi na bahasha, na kila mtu anataka kumwona mtu wa Ulaya. Soma mkataba kwanza. Mingi inakataza kucheza mechi yoyote bila ruhusa ya klabu, na ukivunjika mguu kwenye uwanja wa vumbi, bima ya klabu haitakulipa na wao watakuwa wamepata sababu ya kukuacha. Nenda, kaa jukwaani na jezi ya mtaa, mkabidhi nahodha kikombe.